Ukuta Bado Mbichi

Jumanne jioni, ndani ya ukumbi wa kanisa moja huko Kawangware, Sella alikuwa amekaa benchi ya mbele kwa sababu ile ya nyuma ilikuwa na msumari uliochomoza. Binti yake Celine alikuwa mgongoni, amefungwa leso, amelala mdomo wazi. Mezani kulikuwa na karatasi ya manila aliyoibandika kwa selotepu pande zote ili isijikunje ikilowa, kopo la majarini lenye maji, brashi moja, kipande cha fulana kuukuu, na paketi ya penseli za rangimaji.

Penseli hizo alipewa mahali anapofua nguo, ng'ambo ya barabara kubwa, upande wa nyumba zenye mageti na mbwa. Mtoto wa pale alizikataa. Alisema zinachora kama zinaogopa karatasi. Hakuna aliyemwambia kwamba zilikuwa zinangoja maji.

Mwalimu Wesonga, ambaye mchana huchora mabango ya mabucha na saluni, alikuwa akifundisha huku anatembea, mikono nyuma, kama mtu anayekagua mahindi yake.

"Msikandamize," alisema. "Ukikandamiza, mstari hauyeyuki tena, unabaki hapo kama kovu. Chora kama unamkuna mtoto anayetaka kulala. Anza na rangi nyepesi, nzito zije mwisho. Na pale mwanga unapogonga, msiguse. Nyeupe yetu ni karatasi yenyewe. Mwanga huachwa mwanzoni, hauongezwi baadaye."

"Na hii penseli nyeupe ni ya nini sasa?" aliuliza Billy, kinyozi, kutoka nyuma.

"Ya kujaza paketi, Billy."

Zoezi la jioni hiyo lilikuwa kuchora mahali unapopajua bila kupaangalia. Sella alichora ploti ya Mzee Abdelkarim kule Sarang'ombe, Kibera, alikokuwa akiishi. Aliichora jinsi alivyozoea kuiona kila jioni akiwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wake, akimnyonyesha Celine: ua wa udongo mbele yake, kamba ya nguo katikati, kulia chumba cha Shiundu fundi wa viatu, kushoto vyumba vya wapangaji wengine vikiwa vimeegemeana, na mbele kabisa chumba cha Mzee mwenyewe, na jiko la makaa la mkewe, Bi Hayat, likiwa nje ya mlango.

Ploti hiyo haikuwepo tena. Watu wa barabara waliiangusha mwaka uliotangulia, asubuhi moja, ili barabara ipite. Barabara bado haijapita. Pale pana mahindi ya mtu asiyejulikana, na mbuzi wanaojulikana sana.

Alipomaliza kuchora kavu, alichovya brashi, akaipangusa kwenye fulana isidondoke, akaanza kulowesha. Mistari ikayeyuka, ikawa rangi. Kwa ajili ya kutu ya mabati alikwangua penseli ya kahawia kwa wembe, unga wake ukaangukia pale palipolowa na kupasuka kuwa vidoa vidogo vidogo. Kwa ajili ya moshi wa jiko aliminya kona ya fulana juu ya rangi mbichi, akainyanyua, na pale alipoinyanyulia pakabaki peupe panapotaka kupaa.

Kisha akaongeza maji kidogo chini ya kamba ya nguo, na kuku wa Bi Hayat akatoka, akashuka kwenye karatasi, akatembea mezani akidonoa vumbi la penseli.

Mwalimu Wesonga aliinama juu ya bega la Sella.

"Maji yamezidi hapo," alisema. "Kausha kidogo. Na huyo mrudishe, anachafua karatasi ya jirani."

Billy alimkamata kuku kwa mkono mmoja, kama mtu aliyezoea vichwa visivyotulia, akamweka kwenye ukingo wa chini wa picha. Kuku akainamisha kichwa, akaingia. Ukumbi ulikuwa umeanza kunukia gurusa, zile chapati laini ambazo Bi Hayat, kama Wanubi wenzake, huzipika asubuhi.

"Vizuri, Mama Celine," alisema Mwalimu. "Wiki ijayo tutafanya matunda."

Sella alibeba picha hiyo hadi nyumbani, yaani nyumbani kwa dada yake Joan. Tangu ploti ianguke, yeye na Celine walikuwa wakilala kwa Joan, kwenye godoro lililo nyuma ya pazia, katika chumba kimoja ambamo Joan, mumewe Muli na televisheni waliishi mbele ya pazia. Baba yake Celine alienda Naivasha kutafuta kazi kwenye mashamba ya maua, na tangu wakati huo simu yake ni mteja hapatikani.

Jioni hiyo Muli alizima televisheni, jambo ambalo hulifanya kukiwa na msiba tu au stima zikipotea.

"Shemeji, si kwa ubaya," alisema. "Mathe anakuja kutoka Makueni mwisho wa mwezi. Macho yanamsumbua, atakaa hapa akitibiwa. Na unaona nafasi ilivyo."

"Naona, shem."

"Si kwa ubaya."

"Najua si kwa ubaya."

Joan alikuwa akichambua mboga zilizokwisha kuchambuliwa. Sella alibandika picha ukutani juu ya godoro, akalala akiiangalia. Vyumba alivyokuwa amevipata Kawangware vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa na choo ndani yake, na choo hicho kilikuwa cha ploti nzima. Kingine msimamizi wa nyumba alikuwa amesema hataki watoto, kisha akasema hataki wanawake peke yao, kisha akataka nambari ya simu ya Sella.

Mtu wa kwanza kuja alikuwa Shiundu. Siku hizi alikuwa akishona viatu karibu na steji ya Kawangware, akilala ndani ya kibanda hicho hicho cha viatu, miguu nje. Billy alikuwa amempitishia habari. Alisimama mbele ya picha akiwa amevua kofia.

"Hiki si chumba changu?"

"Ni chako," alisema Sella.

"Na mlango umeuacha wazi hivi? Wezi je?"

Akainama kidogo, kama alivyokuwa akiinama siku zote kwa sababu ule mlango ulikuwa mfupi, akaingia kwa ukingo wa chini. Walimsikia akisogeza kitu. Baada ya muda alitoka, akaenda kuchukua godoro lake.

Kufikia Jumapili ploti yote ilikuwa imerudi. Walipita mlangoni kwa Joan na masufuria, majerikeni, na kitanda kimoja kilichobidi kulazwa ubavu, wakazunguka televisheni, wakapita chini ya pazia, wakaingia. Walikuwa na adabu. Kila mmoja alisema hodi. Muli alijibu karibu, karibu, hadi sauti ikamkauka.

"Joan," alisema mwishowe, "hii ni nyumba ama ni steji?"

"Ni majirani wa Sella."

"Kwani majirani wa Sella hawana mlango mwingine?"

Mzee Abdelkarim alikuja mwisho na mkewe, akiwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumapili. Hakuingia mara moja. Alivaa miwani, akakagua mabati moja moja.

"Umenizidishia kutu, binti."

"Ni wembe, Mzee. Mwalimu alisema hivyo ndivyo kutu hufanywa."

"Mh. Hata hivyo haikuwa kidogo." Akageukia waliokuwa wamesimama. "Sikizeni. Hakuna kugombana. Kila mtu chumba chake cha zamani. Aliyekuwa na paa linalovuja, linavuja hilo hilo." Watu wakakubali, maana ilikuwa haki. Ndipo akamwangalia Sella. "Na wewe? Chumba chako kiko wapi?"

Sella aliangalia picha. Alikiangalia kila chumba, kisha akaangalia kona, kisha akaangalia ukingo wa chini ambako watu walikuwa wakiingilia.

"Sijakichora, Mzee."

"Ulikuwa umekaa mlangoni kwako ukituangalia."

"Ndiyo."

"Basi chumba chako kiko nyuma yako."

Sella akageuka. Nyuma yake alikuwa Muli, anatazama mpira.

Tangu siku hiyo maisha yakaendelea. Asubuhi watu walitoka kwenye picha kwenda kazini, jioni wakarudi. Sella alirudi kutoka kufua, akamfungua Celine mgongoni, akashughulikia maombi. Mmoja alitaka mlango wake ukolezwe. Mwingine alitaka kivuli mbele ya chumba kwa sababu mchana kuna joto, na Sella akachovya ncha ya penseli ya samawati-nzito moja kwa moja majini, akamwekea kivuli cha nguvu kilichodumu. Shiundu alitaka dirisha.

"Hilo siwezi, Shiundu. Dirisha ni mwanga, na mwanga huachwa mwanzoni. Hapo nimeshapaka."

"Hata zamani hakukuwa na dirisha," alisema Shiundu. "Nilikuwa najaribu tu."

Jioni Bi Hayat alikuwa akimpokea Celine kupitia ukingo wa picha na kumchezesha uani pamoja na kuku, ili Sella aoshe vyombo vya Joan. Celine alirudi na magoti ya rangi ya udongo. Lakini ikifika saa ya kulala alirudishwa, maana ndani hakukuwa na pa kumlaza, na yeye na mama yake walilala nje ya picha, chini yake, wakimsikiliza Shiundu akikoroma kwa juu. Siku zilikuwa zikienda. Joan alikuwa ameshaanza kuosha blanketi la mama mkwe.

Sella alijaribu kujichorea chumba kwenye kona. Kona ilikuwa ya Bi Hayat, ya makaa. Alijaribu kwenye ua, lakini ua ukizibwa watu hawapiti. Akamuuliza Mwalimu Wesonga, naye akasema agundishe karatasi nyingine chini ya ile, aendeleze picha kuelekea kwake mwenyewe. Alikuwa na kipande cha manila alichokata pembeni ya bango la bucha. Angemletea akikumbuka.

Jumatatu akaja Kabiru.

Alikuwa kijana mpole mwenye jaketi ya kung'aa na kofia ya plastiki ngumu, ambayo aliivua alipoingia. Alikataa kiti. Alisema anatoka kwa watu wa barabara.

"Tumepata ripoti mmerudi," alisema.

"Kurudi wapi?" Joan aliuliza. "Hapa ni Kawangware. Barabara yenu iko Kibera."

"Ni ukweli, mama. Lakini ploti ni ile ile." Alikunjua ramani, akaionyesha picha, akaionyesha ramani. Kila kitu kilikuwa mahali pake, hata kamba ya nguo. "Sisi tunafuata ploti. Mahali imeenda si juu yetu."

"Na barabara yenyewe?" aliuliza Mzee Abdelkarim kutoka ndani ya picha, akiwa amesimama mlangoni kwake na kikombe cha kahawa. "Imefika wapi?"

"Iko kwa mpango, Mzee."

"Inshallah."

"Inshallah," alisema Kabiru, ambaye alikuwa Mkristo. Akatoa kopo la rangi nyekundu ya kupuliza, akaomba msamaha kwa kila mlango, akaweka alama ya mkasi, ile X ya kubomolewa, kwenye kila ukuta.

Lakini Sella alikuwa amekoleza kuta asubuhi hiyo, na hazikuwa zimekauka. Nyekundu ilipogusa unyevu haikukaa. Ilitanuka, ikashuka, ikapita ukuta hadi ukuta, ikaingia uani, ikapanda kwenye nguo zilizoanikwa. Baada ya muda mfupi ploti nzima ilikuwa ya waridi. Kabiru alipiga picha kwa simu, akamtumia mkubwa wake, akangoja akiwa amesimama. Jibu likaja.

"Anasema alama haisomeki," aliwaambia. "Alama lazima isomeke. Bila alama inayosomeka, hakuna kazi inaweza kuendelea. Nitarudi ikikauka."

Bi Hayat alisema ploti imependeza kama Idi. Watu waliishi ndani ya waridi siku chache na hakuna aliyelalamika, isipokuwa Shiundu, aliyesema wateja wake wanamcheka shati.

Sella hakufikiria kuzilowesha kuta tena. Hilo lilimjia baadaye, wakati halikuwa na faida. Jua lilikuwa kali wiki hiyo, na mabati ya Joan yalikuwa yakitoa joto kama kikaango. Kuta zikakauka. Kabiru akarudi, akaomba msamaha tena, na safari hii alama zilitoka safi, nyekundu, zenye ncha nne kila moja, zinazosomeka hata kutoka mlangoni.

Tingatinga lilikuja kesho yake asubuhi. Liliacha lami, likapita kichochoro cha wauza mboga, likajibana likaingia kwa Joan. Dereva alimwomba Muli asogeze televisheni. Muli akaisogeza. Lile tingatinga likapita chini ya pazia, na kwa kuwa ukingo wa chini wa picha ulikuwa mwembamba kwake, liliuchana kidogo upande wa kushoto, likaingia.

Watu walitoka na walichoweza kushika. Mzee Abdelkarim alitoka amemshika mkewe kiwiko. Shiundu alitoka na kiatu kimoja cha mteja na cherehani yake ya mkono. Kila mtu alikuwa na rangi mahali fulani, kwenye viwiko, kwenye nywele, kwenye kisigino. Walisema asante kwa Joan. Walisema pole kwa Sella, kana kwamba ndiye aliyefiwa, kisha wakaenda kila mmoja alikokuwa ametoka. Kuku alibaki chini ya kitanda cha Muli.

"Huyu sasa nani anamlisha?" Muli aliuliza, huku anafagia vumbi la rangi. Kisha akammwagia ugali wa jana.

Jumanne jioni Sella alipeleka karatasi darasani. Juu yake palikuwa na tope la kahawia tu, nene katikati, jembamba pembeni, na alama za minyororo ya tingatinga. Mwalimu Wesonga aliinyanyua hadi kwenye balbu.

"Rangi zote zikichanganywa pamoja hutoa tope," aliliambia darasa. "Wengi wenu hupata tope chafu. Hili ni safi. Angalieni jinsi mwanga unavyopita."

Darasa likaangalia. Billy alisema ni kali.

"Mwalimu," alisema Sella kwa sauti ya chini, "mama mkwe wa Joan anafika Jumamosi."

Mwalimu Wesonga aliweka karatasi chini. Akafungua mkoba wake, akatoa kile kipande cha manila kilichobaki kwenye bango la bucha. Hakikuwa kikubwa. Kingetosha mlango mmoja na ukuta.

"Chora kimoja tu," alisema. "Chako. Na safari hii usikae mlangoni. Kaa ng'ambo."

Ndipo Sella akagundua kwamba hajui chumba chake kilivyo kwa nje. Alikuwa amekitazama kila siku akiwa na ufunguo mkononi, mtoto mgongoni na mzigo kichwani, na mtu wa namna hiyo huona kufuli tu. Ndani angeweza kuchora akiwa amefumba macho. Nje, hapana. Kwa hiyo kesho yake, alipotoka kufua, alipita kwa Shiundu.

"Mlango wako? Bluu," alisema Shiundu, misumari ikiwa mdomoni.

"Bluu gani?"

"Bluu ya kitu kilichooshwa sana. Na chini ulikuwa umeliwa na panya, pale mkono wa kushoto. Ulikuwa unaziba na gunia." Akatema msumari. "Nilikuwa nakuona ukiziba. Kila jioni. Nikawa nasema, huyu msichana atakuja kushinda huyo panya."

Akapanda hadi Kibera, upande wa Makina, ambako Mzee Abdelkarim na mkewe walikuwa wamehifadhiwa na mpwa wao. Mzee alisema mlango ulikuwa kijani, maana yeye ndiye aliyenunua rangi. Bi Hayat alisema ulikuwa kijani kabla ya jua, na bluu baada ya jua, na kwamba wanaume hukumbuka walichonunua. Akasema pia kwamba juu ya mlango kulikuwa na bati lililokunjika kama sikio, na kwamba mtoto alipokuwa akilia usiku, sauti ilitokea hapo.

"Kwani mlikuwa mnasikia?" Sella aliuliza.

"Binti yangu," alisema Bi Hayat, "tulikuwa tunalala akilala."

Sella alichora Ijumaa jioni, nyumbani, pazia likiwa limekunjwa juu ya kamba. Aliweka kijani kwanza, akangoja kikauke, kisha bluu hafifu juu yake, akalowesha mara moja tu ili kijani kitokeze pale jua lisipofika. Aliweka gunia la panya. Alikunja sikio la bati. Na katikati ya ukuta, ambako hakujawahi kuwa na kitu, aliacha mraba wa karatasi bila kuugusa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hapo palikuwa na dirisha, kwa sababu halikuwepo. Lakini alikuwa anaanza upya, na mwanzoni ndipo mtu huweza kuuacha mwanga.

Jumamosi mama yake Muli alifika kutoka Makueni na begi, maembe yaliyokaushwa na macho yake mawili yanayomsumbua. Alikuta godoro nyuma ya pazia likiwa limetandikwa, halina mtu. Juu yake, ukutani, kulikuwa na kipande cha karatasi, na ndani ya kipande hicho dirisha lilikuwa na mwanga.

"Nani huyo anapika uji?" aliuliza.

"Ni shemeji," alisema Muli. "Amehama."

"Mbona karibu hivyo?"

"Ndipo nafasi ilipopatikana, mathe."

Mama akasogeza uso karibu, macho yakiwa yamefinywa, akasalimia dirishani. Sella alisalimia kwa heshima, akampitishia kikombe cha uji. Chumba kilikuwa kile kile, isipokuwa mwanga. Usiku ule Celine alilala katikati ya kitanda, mikono juu, kama mtu aliyetekwa na usingizi na kukubali masharti yote.

Kabiru alikuja Jumatatu. Alivua kofia, akasema hodi kwa Muli, akasema hodi kwa mama yake Muli, akasema hodi dirishani.

"Habari ya asubuhi, mama. Naona umejenga."

"Nimejenga kidogo," alisema Sella.

"Ni ile ploti?"

"Ni ile."

"Pole." Akakunjua ramani, akatafuta, akapata. Akatikisa kopo lake la rangi. Halikutoa sauti. Akalitikisa tena. "Yangu imeisha," alisema kwa aibu. "Na ofisini walisema hadi mwaka mpya wa fedha. Sijui kama wewe una nyekundu?"

Sella alimwangalia. Alikuwa kijana wa watu, na shingo yake ilikuwa imeungua na jua. Akachagua penseli nyekundu kwenye paketi, ile ambayo hakuwa ameitumia sana, akampitishia dirishani.

"Lakini ukuta bado mbichi," alisema. "Ukiandika sasa hivi itatambaa. Si unakumbuka ile siku?"

"Nakumbuka. Nilikaripiwa sana."

"Ngoja ukauke kwanza."

"Asante kwa kuniambia," alisema Kabiru, na alimaanisha. Mama yake Muli alimsogezea stuli. Akakaa, kofia gotini, penseli mkononi, akiuangalia ukuta.

Ukuta ulipokaribia kukauka, ukianza kupauka pembeni, Sella alichovya brashi katika kopo la majarini, akatoa mkono dirishani, akaupitisha juu ya ukuta wake kutoka upande hadi upande. Kabiru aligusa kwa kidole.

"Bado?"

"Bado."

Hivyo ndivyo inavyokwenda. Kabiru huja asubuhi na huondoka jioni, na akiwa na likizo huja mwenzake, ambaye naye ni mpole. Sella ameacha kufua kwa watu, maana hawezi kuuacha ukuta mchana. Sasa hufulia ndani, na Joan ndiye anayepeleka na kuleta nguo. Chumba ni kibichi muda wote. Nguo za Celine hazikauki sawasawa, na mtoto ameota kikohozi kidogo cha asubuhi ambacho Bi Hayat, kila anapokuja kuwatembelea, hukitilia tangawizi. Viganja vya Sella vina rangi ya ukuta. Shiundu ameuliza kama pana nafasi pembeni, naye ameambiwa angoje karatasi. Barabara iko kwa mpango.

Asubuhi moja mama yake Muli, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kupata nafuu, alimmiminia Kabiru chai na kumwangalia vizuri kwa mara ya kwanza.

"Kijana, kwani wewe hukaa hapa ukingoja nini?"

"Nangoja ukuta ukauke, mama."

"Ukikauka?"

"Naweka alama."

"Halafu?"

"Halafu tunabomoa."

Mama alifikiri juu ya hilo. Akamwongezea sukari, kwa kuwa alionekana amekonda.

Ndani, Celine alikuwa ameamka, anadai uji kwa kupiga sufuria na mwiko. Pembeni mwa dirisha, upande wa jua, rangi ilikuwa imeanza kupauka. "Ngoja kidogo, mama," Sella alimwambia binti yake, "namalizia ukuta," akatoa mkono nje.